Mghana Hakulia Msibani

Kaka yangu Rwegasira hakuwahi kufika Ghana. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo, nikienda sokoni Kayanga, hakosekani mtu wa kuniuliza kama yule ndugu yangu Mghana alirudi kwao. Kwao ni hapa Nyakahanga, katika kibanja alichoachiwa na baba. Mbali kuliko kote alikowahi kufika ni Mwanza, alikokwenda kutafuta nyuzi za gita, akarudi akiilaani meli na ziwa lenyewe.

Kabla hajawa Mghana alikuwa mtu wa kwaya. Aliimba kanisani, akalima migomba na kahawa kama sisi wengine, akamwoa Auleria, wakampata binti mmoja, Evangelina, kisha Mungu hakuwaongezea. Vita vilipoanza mwaka 1978, sisi tuliokaa karibu na mpaka tulijifunza kulala tumevaa viatu. Rwegasira aliingia mgambo, akapelekwa kulinda upande wa Murongo. Alirudi mzima, amekonda, anaona aibu kwa sababu hakuwa amepiga hata risasi moja. Mama alimwambia ashukuru, na ahamie kwenye jembe.

Vita vilipokwisha, mpaka ulifunguka kwa wale waliozijua njia zake. Kahawa yetu ilivuka usiku juu ya vichwa vya watu, na njia zilezile zikatuletea sabuni, chumvi na vitenge. Kila mtu alijua, na hakuna aliyejua. Mmoja wa hao wasiojua alikuwa Telesfori, mfanyabiashara wa Murongo, ambaye alijikuta na gramafoni ya betri na santuri chache zisizo na mnunuzi. Watu walitaka rumba ya Kongo. Hizi zilikuwa za Ghana, na moja ya Lagos. Rwegasira alimpa beberu wake mkubwa, akabeba mzigo kichwani mpaka nyumbani. Auleria alipouliza beberu yuko wapi, akaonyeshwa santuri.

"Basi leo tutachinja hiyo," Auleria akasema, akaingia ndani.

Muziki wenyewe uliitwa hailaifu, yaani "highlife". Magita mawili yalijibizana kama wanawake wanaomenya ndizi huku wanasengenya, na tarumbeta ikaingilia kila walipofika patamu. Ule wa Lagos ulikuwa wimbo mmoja upande mzima wa santuri. Ungeweza kuinjika ndizi zikaiva kabla haujaisha. Rwegasira alisikiliza mpaka mama akatishia kuitupa gramafoni chooni. Alitengeneza gita, akaliharibu, akatengeneza jingine, mwishowe akapata la dukani. Maneno ya Ghana hakuyaelewa, wala hakujifanya anayaelewa. Aliweka ya Kinyambo, lugha yetu, mahali pake, akasifia ng'ombe, migomba na wakwe, akaacha kiitikio kama kilivyo kwa sababu aliona kinapendeza mdomoni. Kwenye kwaya aliondoka mwenyewe kabla hajaondolewa.

Mtu wa kwanza kumwelewa alikuwa Xaveri, jirani yetu wa ng'ambo ya migomba. Xaveri aliletwa kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akafanya vibarua katika mashamba ya watu. Alikuwa na mikono mikubwa na maneno machache, na gita la besi lilimkubali siku ya kwanza. Gaspari akapiga tumba. Methodius, mwenye baa pale Kayanga, alikuwa na amplifaya na jenereta, basi bendi ikawa imetimia. Waliitwa harusini Kaisho, wakaitwa Nkwenda, wakaitwa Nyaishozi, mpaka Murongo kwenyewe. Wakati huo Kyerwa, zilipo Kaisho na Murongo, ilikuwa haijawa wilaya. Yote ilikuwa Karagwe, na yote ilicheza hailaifu ya Rwegasira.

Ungemwona wakati ule! Uso wake ulikuwa unacheka kabla yeye hajacheka. Aliimba ameinua nyusi, anaruka na gita lake, anawatania wakwe wanaojifanya wazito mpaka nao wanainuka vitini. Auleria alikuwa akikaa nyuma ya amplifaya na Evangelina pembeni, anajidai hasikilizi. Wimbo wa kwanza kabisa wa Rwegasira ulimhusu yeye: mwanamke aliyetaka kuchinja santuri. Watu walipouimba naye, Auleria alifunika uso kwa kitenge na mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

Halafu watu wakaanza kufa.

Sina haja ya kueleza sana. Aliyekuwa Kagera miaka ile anajua, na asiyekuwepo hataelewa kwa kuelezwa. Mwanzoni tulisema ni uchawi wa biashara za mpakani, tukaupa ugonjwa jina la kitambaa kilichokuwa kinauzwa na wachuuzi. Baadaye hospitali ikatuambia ni nini, na kujua hakukuzuia kitu. Ilifika mahali ukisikia mtu anapiga kelele mlimani unauliza tu ni kwa nani, kisha unarudi kukoka moto.

Harusi ziliendelea, kwa sababu vijana hawaachi kuoana. Siku moja huko Nkwenda bendi ilikuwa katikati ya wimbo, watu wanarusha vumbi, akashuka mwanamke mmoja kutoka mlimani, amevaa kaniki, akaja kusimama katikati ya wachezaji. Alikuwa amemzika mumewe asubuhi ileile, hatua chache juu ya pale, na hakuna aliyewaambia wanamuziki. Rwegasira alizima amplifaya kwa mkono wake. Walifungasha vyombo, wakaondoka bila kula.

Tangu hapo akajiwekea sheria. Bendi haitapiga mahali popote mpaka yeye mwenyewe apite nyumba zote za jirani zenye msiba, aombe ruhusa. Unajua kwetu mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani ya kunukia, zikakaushwa. Rwegasira aliifunga kwenye jani la mgomba, akaenda nayo kwa wafiwa, akaiweka mbele yao. Wakichukua na kutafuna, wameruhusu. Wasipogusa, hakuna muziki, hata kama bwana harusi ni mtoto wa nani. Haikuwa mila ya wazee wetu. Aliibuni yeye, lakini ilienea haraka, na baada ya muda watu walizungumza kama vile imekuwepo tangu enzi za wafalme. Ndivyo tulivyo.

Kwa hiyo kazi yake ikageuka. Kwa kila harusi moja aliyoimba, alikuwa amekaa kwanza kwenye misiba mitatu au minne, amesikiliza mtu alivyougua, alivyoomba maji, alivyokata roho. Mwanzoni alirudi macho mekundu. Gaspari alipokufa alilia mpaka tukamshika. Alipokufa aliyechukua tumba za Gaspari alilia pia, ila kidogo. Baada ya hapo akakauka. Siku moja tukiwa tunachuma kahawa aliniambia, "Kemirembe, jana nimezika rafiki yangu, na muda wote nilikuwa nawaza samadi. Nawaza niiweke upande gani wa kibanja."

Nilimwambia ni uchovu, utapita. Haukupita.

Xaveri alikufa mwaka 1991. Alikonda kama wengine, na mikono ile ikabaki mikubwa. Mkewe, Mukantabana, alimuuguza peke yake, akamwosha, akamgeuza, na siku alipofariki sauti yake ilivuka migomba ikatufikia jikoni. Kwetu unaenda msibani unalia kuanzia njiani, ili wafiwa wakusikie kabla hawajakuona. Mimi nilikwenda ninalia. Auleria, ambaye tayari alikuwa anatembea ameshika tumbo, alikwenda analia. Rwegasira alikwenda ameshika jembe. Alichimba kaburi, akabeba jeneza, akafukia, akanawa mikono, akala maharage aliyopewa. Hakutoa chozi. Kwa ndugu wa mbali usingesema kitu, ila huyu alikuwa Xaveri, mtu aliyesimama upande wake wa kulia miaka yote ile ya harusi. Nilimwona Mukantabana akimtazama kutoka kwenye nyasi alipoketi na wanawake, na nikaogopa yale macho.

Mwaka uliofuata, Auleria akaambiwa hospitali kwamba uvimbe ulio tumboni hautatoka. Haukuwa ule ugonjwa, ingawa watu walisema walivyotaka, na waliosema wengine nawajua na sijawasamehe. Akarudi nyumbani, akamwita mumewe na mimi, akasema harusi ya Evangelina isingoje mavuno. Kijana wake, Placidius, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa tayari; wakwe walikuwa wamekwisha kuja. Kisha akasema jingine.

"Baba Evangelina, nataka uimbe. Siku hiyo nataka kusikia muziki nyumbani kwangu, amplifaya na kila kitu. Nimeshachoka kusikia vilio."

"Nitaimba," Rwegasira akasema, kama mtu aliyeombwa kuleta kuni.

Lakini ng'ambo ya migomba palikuwa na Mukantabana, bado amevaa kaniki. Hakuna nyumba iliyokuwa karibu zaidi na yetu, na hakuna msiba uliokuwa wa karibu zaidi na bendi. Rwegasira alifunga kahawa kwenye jani, akaniomba nimsindikize. Tulimkuta anapembua mtama uani. Tukasalimiana, akatupa kigoda na mkeka, akauliza hali ya Auleria. Rwegasira akaweka kahawa mbele yake. Hakuigusa.

"Hii ni ya nini, shemeji?"

"Evangelina anaolewa Jumamosi. Mama yake ameomba muziki."

"Evangelina ni mwanangu. Nimemfunga nepi huyo." Aliendelea kupembua. "Nyumba ngapi umezipelekea kahawa hii?"

"Nyingi."

"Na zote wamekutafunia?"

"Si zote."

Akauweka ungo chini. "Xaveri alikupenda kuliko ndugu zake. Alipokuwa haoni vizuri, akisikia hatua mlangoni aliuliza kama ni wewe. Na siku ya kumzika ulikuja hapa kama kibarua. Ulichimba, ukala, ukaondoka. Watu waliniuliza, mna ugomvi na Mghana? Nikakosa jibu. Mlilie mume wangu, shemeji. Mlilie hapahapa, nami nitatafuna."

Kuku walikuwa wanadonoa mtama miguuni mwake. Rwegasira alikaa na mikono juu ya magoti, akautazama mlango wa Xaveri, mpaka nikaanza kutumaini.

"Sina," akasema.

"Huna nini?"

"Sina machozi. Ningekuwa nayo ningekuletea kabla hujaniomba."

"Mwimbaji mzima anashindwa kulia?"

"Sauti ya kilio ninayo, shemeji. Nikiitoa hapa mlima mzima utakuja kutazama. Unataka nimlilie Xaveri ya uongo?"

"Thubutu!" akasema Mukantabana, akauokota ungo wake.

"Basi." Rwegasira akaichukua kahawa yake, akaifunga tena kwenye jani, akaaga vizuri.

Njiani nilimkasirikia. Nakiri nilikasirika kuliko wote wawili. Nilimwambia apige tu, mke wake anakufa, nani atamlaumu? Nilimwambia sheria aliyoibuni mtu anaweza kuifuta. Alitembea mbele yangu bila kugeuka.

"Nimewazuia watu wangapi wasicheze kwenye harusi za watoto wao?" akasema. "Niwaambie nini? Kwamba kwangu imekuwa nzito?"

"Na Auleria utamwambia nini?"

Alimwambia ni betri. Alimwambia jenereta ya Methodius imeharibika, wanatafuta betri Kayanga, huenda zikachelewa. Alimwambia akiwa anamlisha uji, wala sauti haikubadilika. Jina la Mukantabana hakulitaja.

Jumamosi wanawake walifika alfajiri kumenya ndizi. Kati yao alikuwepo Mukantabana na kisu chake. Sikushangaa. Ruhusa ni kitu kimoja na ujirani ni kingine. Mtoto wa jirani haolewi wewe umekaa kwako. Alikaa pembeni, akamenya. Maharusi walirudi kutoka kanisani, wakaketishwa chini ya turubai lililopambwa kwa majani ya migomba. Wazee wakahutubia. Rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Kisha ikaingia ile nafasi ambayo kila mtu anajua ni ya muziki, na hakukuwa na muziki. Watu wakala kwa sauti ya vijiko. Watoto walizunguka amplifaya iliyofunikwa mkeka nyuma ya nyumba, wanaigusa na kufukuzwa.

Auleria tulikuwa tumemkalisha mlangoni kwenye kiti chenye mito, tumemvalisha gauni la gomesi la zambarau ambalo sasa lilimzidi pande zote. Alikuwa amevaa na viatu, ingawa miguu ilivimba. Mukantabana alipopita na sufuria, Auleria akamshika mkono.

"Dada, umesikia chochote kuhusu hizo betri?"

"Betri gani?"

"Za Methodius. Baba Evangelina anasema zimechelewa huko Kayanga. Naogopa nitachoka kabla hazijafika. Hebu nisaidie kutazama barabarani, wewe una macho."

Mukantabana akaniangalia. Mimi nikaangalia chini. Akabaki pale ameshika sufuria ya mchuzi, na niliona anavyopanga jambo zima kichwani: kwamba Auleria hajui, kwamba hajaambiwa nani amekataa, kwamba mtu aliyemnyima Xaveri machozi alikuwa amekaa siku zote hizi anazisingizia betri ili yeye Mukantabana asichukiwe na mgonjwa.

Akaiweka sufuria chini. Akapita katikati ya wageni na kaniki yake, moja kwa moja mpaka kwa Rwegasira aliyekuwa anawamiminia wakwe rubisi.

"Ile kahawa iko wapi?"

Alikuwa nayo mfukoni. Akaitoa, Mukantabana akalifungua jani mbele ya watu wote, akatia buni mdomoni, akatafuna. Alitafuna polepole, machozi yanamtoka, na wakwe ambao hawakujua lolote wakaacha kunywa.

"Piga," akasema.

Watoto waliupindua ule mkeka kabla hatujawatuma. Methodius aliwasha jenereta yake isiyo na ubovu wowote. Vijana wake wawili walishika gita na tumba. Besi haikuwepo, na kila aliyezoea aliisikia haipo. Rwegasira akaimba. Nakwambia sauti ilikuwa ileile. Labda ilikuwa nzuri zaidi, sijui. Hailaifu ilishika uwanja, wakwe wakainuka, Placidius mwalimu akavua koti, Evangelina akacheza analia na kucheka. Kiitikio cha Ghana kiliimbwa na watu mia wasioelewa hata neno lake. Aliimba ule wa mwanamke aliyetaka kuchinja santuri, na Auleria pale mlangoni akafunika uso kwa ncha ya gomesi, mabega yakatikisika. Alicheka mpaka akakohoa. Hilo alilipata, na hakuna wa kumnyang'anya.

Mukantabana alisimama karibu nami kwenye nguzo ya turubai. Hakuwa anawatazama wachezaji. Alikuwa anamtazama Rwegasira usoni, kwa makini, kama anayesoma maandishi madogo. Nami nikageuka nikatazama. Kaka yangu alikuwa anaimba furaha ya binti yake wa pekee, mkewe anacheka mbele yake kwa mara ya mwisho, na uso wake ulikuwa mtupu. Nyusi hazikuinuka. Hapakuwa na huzuni wala raha. Ulikuwa uso wa siku ya kaburi la Xaveri, uleule, haukupungua wala kuongezeka.

"Mawe, mama yangu!" Mukantabana akasema taratibu. "Kemirembe, mimi nilidhani alimnyima Xaveri."

Akaishika nguzo.

"Kumbe hana. Hata wa kwake hana cha kuwapa."

Tulisimama hapo mpaka wimbo ukaisha. Nilimwonea huruma kaka yangu kwa mara ya kwanza tangu tukiwa watoto. Kabla ya hapo nilikuwa nampenda tu, na kumkasirikia.

Auleria alifariki kabla mvua za vuli hazijaanza. Rwegasira alimfumba macho, akatoka nje, akachukua jembe. Walipofika watu wa kwanza, walimkuta anapima kaburi kwa kamba, na nikaona wanavyotazamana. Mtu na mke wake! Nilisikia mmoja ananong'ona kwamba huenda alikuwa na mwingine Kayanga. Nilikuwa naangalia cha kumrushia.

Hapo ndipo tukasikia sauti kutoka kwenye migomba. Mukantabana alikuwa anakuja analia, na sauti ile mnajua inavyokwenda. Alimlilia Auleria kwa jina, akalilia mikono yake, uji wake, ulimi wake mkali, akamlilia beberu na santuri, vitu ambavyo ni mume tu anapaswa kuvililia. Alilia mpaka wale wanong'onaji wakaanza kulia nao. Alifika uwanjani, hakwenda kwa wanawake kwenye nyasi. Alikwenda kwa Rwegasira, aliyesimama kwenye udongo mpya na uso wake uleule, akalitoa jembe mkononi mwake, akampa mtu mwingine.

"Kaa chini, shemeji," akamwambia. "Kilio chako nimeshakulilia njiani."